Emanuel Lasker: bingwa wa sataranji aliyejua kurudisha chambo

Msikilizaji wetu wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, wewe huhitaji kufundishwa chambo ni nini. Kwa majirani zetu wa Malawi chambo ni jina la samaki mwenyewe, tena mtamu. Huku kwetu ni kile kinachomponza samaki: anakiona, anakitaka, anakimeza, kisha anakuta ndoana ndani.

Leo tunakuletea habari za mtu aliyefikiri juu ya chambo kuliko wengi. Hakuwa mvuvi. Alikuwa mcheza sataranji, mchezo ambao vijana siku hizi wanauita chesi, na jina lake ni Emanuel Lasker. Alikuwa bingwa wa dunia kwa miaka 27, kuanzia 1894 hadi 1921. Hakuna mwingine, kabla yake wala baada yake, aliyeshika taji hilo mfululizo kwa muda mrefu hivyo.

Unaweza kuuliza, mkulima wa kahawa wa Mbinga au mchuuzi wa dagaa wa ziwani ana shughuli gani na bingwa wa sataranji wa zamani? Soma taratibu hadi mwisho. Nadhani utamkuta mtu unayemfahamu.

Kulishwa kwenye drafti, kulishwa kwenye sataranji

Tuanze na mchezo tunaoujua. Nenda kijiwe chochote, chini ya mwembe au kando ya duka, utakuta ubao wa drafti na vizibo vya soda. Mchezaji hodari anakulisha kete moja. Huna hiari, sheria inasema lazima ule. Unakula moja, yeye anaruka tatu, watu wanapiga kelele.

Sataranji nayo ina kulishana, ila kuna tofauti moja kubwa. Mle hakuna anayekulazimisha kula. Ukipewa kete ya bure unaweza kuila, unaweza kuiacha, na unaweza kuila kisha baadaye ukairudisha. Hiyo njia ya tatu ndiyo kiini cha makala haya.

Wazungu wanauita mtego wa namna hii gambiti. Neno hilo lina asili ya Kiitaliano na linahusiana na mguu: kumpiga mtu mtama ili aanguke. Mchezaji anatoa askari mmoja mwanzoni kabisa mwa mchezo, mpinzani anapoinama kumwokota, anapigwa mtama.

Karne ya 19 ilikuwa enzi ya mitama hiyo. Mmojawapo wa mitama mikali zaidi ulibuniwa na nahodha wa meli, William Davies Evans, mtu wa Wales. Alikuwa akiendesha meli za barua kati ya Wales na Ireland, na katika miaka ya 1820 akabuni njia ya kumtoa askari mmoja kwa makusudi. Njia hiyo ikaitwa gambiti ya Evans. Kwa zaidi ya miaka 60 iliangusha watu wengi, wakiwemo wakubwa.

Mtoto wa mji mdogo

Emanuel Lasker alizaliwa tarehe 24 Desemba 1868 katika mji mdogo wa Berlinchen. Wakati ule mji huo ulikuwa chini ya Prussia, leo uko Poland na unaitwa Barlinek. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake alikuwa mwimbishaji wa sala katika sinagogi, na nyumba haikuwa na mali.

Alipofika umri wa miaka 11 alipelekwa Berlin kusoma, kwa sababu alionekana ana kichwa cha hesabu. Huko alikaa na kaka yake Berthold, aliyekuwa akisomea udaktari. Berthold ndiye aliyemfundisha sataranji. Ndugu hawa walikuwa na shida ya pesa, na mkahawani Berlin kulikuwa na watu waliocheza kwa dau dogo. Kijana Emanuel akaanza kutafuta chakula chake huko, mezani, kete kwa kete.

Mtu anayecheza apate mkate wa jioni hachezi kama tajiri anayetafuta sifa. Akipoteza, analala njaa. Kwa hiyo alijifunza mapema kutopenda urembo usio na faida, na kutomwogopa mtu anayeshambulia kwa kelele.

Mwaka 1889 alianza kushinda mashindano yanayotambulika. Akaenda Uingereza, akawashinda vigogo wa huko. Akavuka kwenda Marekani, na mwaka 1893 mjini New York akashinda michezo yake yote 13 katika shindano moja. Ndipo akamtaka bingwa mwenyewe.

Mzee aliyeng'ang'ania

Bingwa wa wakati huo alikuwa Wilhelm Steinitz, mzaliwa wa Prague, bingwa wa kwanza wa dunia anayetambulika rasmi tangu 1886. Steinitz ndiye aliyeufanya mchezo huu kuwa elimu. Kabla yake watu walishambulia tu. Yeye alifundisha kuwa ulinzi nao ni kazi ya heshima, na kwamba shambulio lisilo na msingi litaanguka lenyewe likikutana na mtu mtulivu.

Juu ya gambiti, msimamo wa Steinitz ulijulikana: kula alichokupa, kisha vumilia. Hapo alikuwa na ukweli mkubwa. Lakini alikuwa na ukaidi mkubwa pia. Alipokula askari wa bure hakutaka kumwachia kamwe. Alibana kete zake kwenye pembe, akamweka malkia mahali pa ajabu, akajikunja kama mtu aliyefumbata shilingi mkononi huku moto unaingia jikoni.

Mwaka 1889, na tena 1892, alipambana mjini Havana na Mrusi Mikhail Chigorin, fundi wa gambiti ya Evans. Chigorin alimwekea chambo kile kile mara nyingi. Steinitz alikula, akang'ang'ania, na mara kadhaa akateseka sana mbele ya watu. Taji hakulipoteza, kwa kuwa katika michezo mingine alikuwa na nguvu zaidi. Lakini swali lilibaki: hivi kweli lazima uteseke namna hii kwa ajili ya askari mmoja?

Mwaka 1894 Lasker, akiwa na miaka 25, akamkabili Steinitz aliyekuwa amefika miaka 58. Walicheza New York, Philadelphia na Montreal. Lasker alishinda michezo 10, akapoteza 5, na 4 ikawa sare. Tarehe 26 Mei 1894 dunia ikapata bingwa wa pili. Wengi walisema amemshinda mzee tu. Miaka michache baadaye wakarudiana Moscow, na safari hii Lasker alishinda michezo 10 na kupoteza 2.

Jibu la Lasker

Sasa tuingie jikoni. Kama hujawahi kucheza sataranji, usiogope, fuata picha tu. Kila upande una kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari 8. Askari ndiye mdogo kuliko wote, kama kibarua. Mwenye nyeupe huanza.

Kila mmoja anasukuma askari aliye mbele ya mfalme, wakakutana uso kwa uso katikati. Mwenye nyeupe anamtoa farasi kumtishia askari yule, mwenye nyeusi anamtoa farasi wake kumlinda. Kila mmoja anamtoa askofu hadi katikati. Mpaka hapo ni salamu tu.

Ndipo Nahodha Evans anapotupa ndoana. Mwenye nyeupe anamsukuma askari wa safu ya pili kutoka ukingo wa kushoto, hatua mbili, mpaka mdomoni mwa askofu wa mwenye nyeusi. Askari huyo hana mlinzi. Ni zawadi.

Askofu anamla. Mara askari wa safu ya jirani anapiga hatua moja na kumfukuza askofu. Askofu anakimbilia pembeni. Hesabu sasa: askofu mmoja ameshatumia hatua tatu, wakati kete nyingine za upande wake bado zimelala. Mwenye nyeupe, kwa bei ya kibarua mmoja, amenunua muda. Anamficha mfalme wake salama nyuma ya ngome, anasukuma askari mwingine katikati, na njia zote zinafunguka kuelekea kwa mfalme wa mwenye nyeusi.

Hapa ndipo watu walipokufa. Wengine waliendelea kula askari zaidi, wa pili na wa tatu, wakidhani wanatajirika. Wengine walifanya kama Steinitz, wakang'ang'ania yule mmoja kwa jasho na damu.

Lasker akafanya jambo dogo. Kwanza alimsogeza askari wa mbele ya malkia hatua moja tu, kuitegemeza katikati. Kisha, mwenye nyeupe alipoisukuma katikati kwa nguvu, Lasker akamrudisha askofu wake hatua moja, kwa utulivu, mahali ambapo askari hawawezi tena kumkimbiza kirahisi.

Hakumfunga askari wa ziada kwa minyororo. Alimwacha achukuliwe. Ni kama alimwambia mwenzake: mali yako hii hapa, ukiitaka chukua.

Mwenye nyeupe akiichukua, askari wanabadilishana katikati, malkia kwa malkia wanaondoka ubaoni, na farasi wa mwenye nyeupe anamla askari aliyebaki katikati. Hesabu inakuwa sawa, kila upande askari 6. Lakini tazama shamba lilivyobaki. Askari wa mwenye nyeupe upande wa kushoto wametawanyika, mmoja ukingoni na mmoja mbali kidogo, hakuna wa kumlinda mwenzake. Askari wa mwenye nyeusi wamesimama bega kwa bega, watatu huku na watatu kule. Malkia wameshaondoka, shambulio limekwisha, moto umezimika. Kilichobaki ni kazi ya kilimo, ya taratibu, na mwenye nyeusi ndiye mwenye udongo mzuri.

Mwenye nyeupe asipoichukua je? Basi mwenye nyeusi anabaki na askari wa ziada, tena kete zake zikiwa zimekaa vizuri. Njia zote mbili hazimfurahishi aliyetega mtego.

Lasker alizieleza fikra zake hadharani mjini London mwaka 1895, katika mihadhara aliyowapa wachezaji wa kawaida, na mwaka 1896 mihadhara hiyo ikatoka kama kitabu. Gambiti ya Evans ilikuwa moja ya mada zake. Baada ya hapo mtego ule, uliotisha kwa zaidi ya miaka 60, ulipoteza wafuasi wengi katika mashindano makubwa. Hadi leo njia hiyo inaitwa ulinzi wa Lasker.

Si kwamba gambiti yenyewe ilikufa. Mwaka 1995 mjini Riga, Garry Kasparov aliitoa kabatini akamshinda nayo Viswanathan Anand kwa hatua 25 tu, na Anand hakuwa mchezaji mdogo. Mtego wa zamani bado unanasa asiyejiandaa.

Nguruwe wa mama

Niruhusu nitoke kwenye ubao kidogo. Mimi nimekulia kwenye kahawa, huku milimani Mbinga, kwenye mashamba ya ngoro. Mwaka nilioingia kidato cha kwanza, mnunuzi mmoja alikuja nyumbani mwezi wa Januari. Kahawa ilikuwa bado kijani mtini. Alikuwa na pesa mkononi, taslimu, na ada ilikuwa inadaiwa. Baba akachukua. Kwetu biashara hiyo tunaiita magoma: unauza mavuno kabla hayajaiva, kwa bei anayoitaka mwenye pesa.

Ilikuwa chambo, na baba alijua. Lakini mtoto lazima aende shule, hivyo alikula.

Mama hakumlaumu. Alisubiri mpaka mambo ya shule yametulia, kisha mwezi wa nne akasema tuuze nguruwe, tumrudishie yule bwana pesa yake kabla ya mavuno. Baba alikataa mwanzoni. Nguruwe alikuwa mmoja na alikuwa mkubwa. Walibishana siku mbili. Mwishowe nguruwe akauzwa, pesa ikarudishwa na nyongeza juu, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na mnunuzi akapokea kwa shingo upande. Mwezi wa saba kahawa ilikuwa yetu.

Mwaka ule hatukuwa na nguruwe wa Krismasi. Ila hatukuwa na mtu shambani kwetu pia.

Nilipokuja kusoma habari za ulinzi wa Lasker nikiwa mtu mzima, nilicheka peke yangu studio. Mama yangu hajawahi kuiona sataranji. Lakini hatua ile ya askofu anayerudi nyuma, akaacha askari aende zake, alikuwa ameshaicheza.

Njia ya kwanza ni kutokula chambo kabisa, na mwenye uwezo huo afanye hivyo. Lakini wengi wetu hula kwa sababu hali inatulazimisha. Tatizo kubwa huja baadaye: tunaona aibu kurudisha, au tunaona uchungu, tukidhani kilichoingia mkononi kimeshakuwa chetu. Lasker alihesabu tofauti. Kwake kilichoingia mkononi kilikuwa kitu cha kulipia amani.

Bingwa aliyeogopa umaskini

Turudi kwake. Agosti 1900 Steinitz alifariki New York akiwa fukara, akili yake ikiwa imesumbuka. Bingwa wa kwanza wa dunia, hana kitu. Lasker aliliona hilo na hakulisahau. Tangu hapo alidai malipo makubwa kila alipoalikwa kucheza. Watu walimwita mchoyo. Yeye aliona kuwa kazi ya mchezaji ni kazi kama nyingine, na anayeifanya astahili kula uzeeni.

Wakati huo huo alikuwa mwanahesabu wa kweli, aliyepata shahada ya udaktari wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Erlangen. Mwaka 1905 alichapisha kazi ambayo wanahesabu wanaitumia hadi leo. Kwa mfano mwepesi: shuleni tulifundishwa kuwa namba 12 inagawanyika kuwa 2 mara 2 mara 3, yaani vipande ambavyo havigawanyiki tena. Lasker alionyesha kuwa kuna kitu kinachofanana na hicho katika sehemu ngumu zaidi ya aljebra. Baadaye mwanahesabu mkubwa Emmy Noether aliipanua kazi hiyo.

Alibuni hata mchezo wake wa ubao, ndugu wa drafti, akauita Laska. Ndani yake kete ikiliwa haitoki ubaoni. Inawekwa chini ya kete iliyoila, na inaweza kukombolewa baadaye. Ukiwa na vizibo vya soda vya rangi mbili unaweza kuelewa wazo lake mara moja.

Ubingwa aliendelea kuulinda. Mwaka 1907 alimshinda Mmarekani Frank Marshall bila kupoteza mchezo hata mmoja. Mwaka uliofuata alimshinda Mjerumani mwenzake Siegbert Tarrasch. Mwaka 1910 alikaribia kulipoteza taji mbele ya Karl Schlechter wa Austria, ikaisha sare, taji likabaki. Mwaka 1911 alimwoa Martha, aliyeishi naye hadi kifo.

Vita vinafika Liuli

Mwezi Mei 1914 Lasker alikuwa St. Petersburg, Urusi, katika shindano lililokusanya wakali wa dunia. Kijana wa Kuba, José Raúl Capablanca, alikuwa anaongoza. Lasker, mwenye miaka 45, akamshinda uso kwa uso mwishoni mwa shindano, akamaliza wa kwanza kwa tofauti ya nusu pointi.

Miezi mitatu baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, na vikafika haraka hadi mlangoni petu. Nchi yetu wakati huo ilitawaliwa na Wajerumani. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilikuja ufukweni Liuli, mahali Wajerumani walipopaita Sphinxhaven. Ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hata hajasikia kuwa kuna vita. Wazee wa Liuli wanajua hadithi hii.

Huko Berlin, Lasker naye alipatwa na vita kwa njia yake. Aliamini nchi yake itashinda. Serikali ilikuwa inauza hati za mkopo wa vita: raia anatoa akiba yake leo, atalipwa na faida baada ya ushindi. Lasker, mtu aliyekuwa akiogopa umaskini kuliko kitu chochote, akaweka akiba yake humo. Ujerumani ilishindwa, na pesa yake karibu yote ikapotea.

Tafakari hapo kidogo. Mtu aliyeifundisha dunia namna ya kukijibu chambo alikimeza mwenyewe, na kwenye maisha hapakuwa na hatua ya kurudi nyuma. Kwenye ubao alikuwa mtulivu kwa sababu hakumpenda askari wala kumchukia. Nchi yake aliipenda.

Kuvuliwa taji, kuvuliwa nyumba

Mwaka 1921 alikwenda Havana kupambana na Capablanca. Alikuwa na miaka 52, amechoka, mfukoni hamna kitu, na jua la Kuba lilimshinda. Hakushinda mchezo hata mmoja. Capablanca alishinda minne, kumi ikawa sare, na taji likaondoka.

Wengi walidhani huo ndio mwisho. Miaka mitatu baadaye, New York 1924, mzee huyu wa miaka 55 akamaliza wa kwanza, mbele ya Capablanca na mbele ya Alexander Alekhine, waliokuwa bingwa wa wakati ule na bingwa aliyefuata.

Baada ya hapo alistaafu taratibu. Yeye na Martha walikuwa na makazi Berlin na nyumba ndogo shambani. Alikuwa na marafiki, mmojawapo Albert Einstein, mwanasayansi mkubwa, ambaye baada ya kifo chake aliandika dibaji ya kitabu cha maisha ya Lasker.

Kisha mwaka 1933 Hitler akaingia madarakani. Lasker alikuwa Myahudi. Nchi aliyoikopesha akiba yake ilimgeuka. Aliondoka na mkewe wakiwa wazee, na mali waliyoiacha ikataifishwa. Mtu wa miaka 64 akaanza upya, mikono mitupu.

Akarudi kwenye kazi aliyoijua tangu utoto wake wa mkahawani, kucheza ili apate mkate. Mwaka 1935, Moscow, akiwa na miaka 66, alicheza na vijana ambao wangeweza kuwa wajukuu zake. Hakupoteza mchezo hata mmoja. Alimshinda Capablanca tena. Akamaliza wa tatu, nusu pointi tu nyuma ya Mikhail Botvinnik na Salo Flohr.

Warusi wakampa makazi, akakaa huko miaka miwili. Lakini hewa ya Moscow nayo ilianza kubadilika. Watu walikuwa wakikamatwa usiku. Mwaka 1937 Lasker na Martha wakaondoka kwenda Marekani, wakaacha tena walichopewa. Nikolai Krylenko, waziri aliyekuwa mwenyeji wake, aliuawa na serikali yake mwenyewe mwaka 1938. Safari hii mzee aliachia mapema, na huenda ndicho kilichomwokoa.

Alifariki New York tarehe 11 Januari 1941, akiwa na miaka 72. Hakufa tajiri. Umaskini aliouogopa tangu kifo cha Steinitz ulimfikia naye, ingawa si kwa sababu ya mchezo mbaya ubaoni.

Ukitaka kuanza

Msikilizaji, sataranji si mchezo wa mabwana. Kipande cha boksi chenye miraba 64, nane kwa nane, na vizibo vilivyochorwa alama vinatosha. Kwenye simu unayosomea makala haya kuna programu za bure, na nyingine hazihitaji intaneti ukishazipakua. Walimu wetu wa shule za msingi mnaweza kuanza na watoto wanaojua drafti. Hao wanashika haraka kwa sababu hesabu ya kete tayari wanayo.

Na mtu akikulisha kete siku ya kwanza, usikimbilie kula na usikimbilie kukataa. Jiulize mambo matatu. Je, hiki ninachopewa kitanigharimu muda gani? Nikikila, kete zangu nyingine ziko wapi? Na nikibanwa, naweza kukirudisha nikabaki nimesimama?

Swali hilo la tatu ndilo la Lasker, na mwezi wa Januari, pale ada inapodaiwa na mtu anapobisha hodi na pesa mkononi, linafaa kuulizwa hata na asiyejua sataranji. Ukiwa umeshakula, bado hujachelewa. Kaeni chini nyumbani, mhesabu, mwangalie nguruwe mliye naye.